Kucheza Mpira Ni Kazi Moja, Kuuongoza Ni Nyingine

Wiki iliyopita nimeisikia tena, safari hii kwenye kikao cha klabu hapa Arusha: "Dada yetu huyu kacheza mpira muda mrefu, mpeni ukatibu, mpira anaujua." Makofi yakapigwa, ajenda ikafungwa. Aliyepewa alikuwa beki wa kuogopwa, nimecheza naye, na hakuna mjumbe hata mmoja aliyemuuliza kama amewahi kusajili mchezaji.

Imani hii imenichosha, mimi niliyecheza na sasa nashughulikia usajili na ratiba za mechi za wanawake. Wanaoisema wanadhani wanatuenzi sisi tuliotundika daluga, kumbe wanatuweka kwenye kiti bila kutufundisha kazi ya kiti. Mambo yakiharibika msimu wa pili, watu walewale wanageuza maneno: "Si mnaona, wanawake uongozi umewashinda."

Kucheza kunasaidia, sikatai. Aliyecheza hahitaji kuelezwa kwa nini chumba cha kubadilishia kisicho na maji ni tatizo, au kwa nini si sawa kuwapangia wasichana mechi ya jioni Moshi halafu warudi Arusha usiku kwa kosta ya kuunga. Akiona binti anaomba kutoka kipindi cha kwanza na hataki kusema sababu, anaelewa. Mengine yote ni ya kusomea.

Chukua usajili. Kikao cha kabla ya mechi, kamishna anayeisimamia mechi amekaa, leseni za wachezaji zimepangwa mezani. Leseni ya winga ina majina mawili, la kwanza ni lile analoitwa shuleni. Cheti chake cha kuzaliwa kina majina matatu, na hilo la shuleni halimo. Mwaka wa kuzaliwa nao umepishana kwa mmoja. Binti ni yuleyule, mtaa mzima umemwona akikua, lakini kamishna hawezi kuandika kwenye ripoti kwamba mtaa umemwona akikua. Wapinzani wakikata rufaa wakashinda, wanapewa pointi tatu na mabao matatu ya mezani, na watoto waliokimbia dakika 90 wanaambiwa wamefungwa. Mwalimu wao atawalaumu viongozi wa mkoa. Kosa lilifanyika siku ya usajili, katibu alipoandika jina kwa kusikia badala ya kushika cheti.

Na jina hilo haliishii kwenye mechi ya Jumamosi. Hapa ndipo watu wanaponikera, kwa sababu wanaona usajili wa watoto ni urasimu. Kanuni za FIFA za uhamisho zina kitu kinaitwa mchango wa mshikamano. Mchezaji akiuzwa kwenda nchi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada ya uhamisho hukatwa na kugawiwa klabu zilizomlea tangu msimu aliotimiza miaka 12 mpaka ule wa miaka 23. Kila msimu wa miaka 12 hadi 15 unabeba asilimia 0.25 ya ada, na kila msimu kuanzia 16 unabeba 0.5. Tuseme klabu ya Moshi imekaa na binti tangu ana miaka 12 mpaka 17, kisha klabu aliyohamia ikamuuza nje kwa dola 100,000. Stahili ya Moshi ni dola 2,000. Kwa klabu inayochangishana nauli ya kufika Uwanja wa Ushirika, hizo ni fedha za kununua jezi na mipira na bado chenji ikabaki.

Tangu Novemba 2022 malipo haya hupitia chombo maalumu cha FIFA kilichoko Paris, nacho hakisikilizi hadithi. Kinasoma pasipoti ya mchezaji, yaani kumbukumbu ya klabu alizosajiliwa na tarehe zake. Ukimlea mtoto miaka sita bila kumsajili, au ukamsajili kwa jina ambalo halimo kwenye cheti, miaka hiyo haionekani. Na hatuzungumzii ndoto. Aisha Masaka alitoka Yanga Princess akaenda BK Häcken ya Sweden mwaka 2022, na 2024 akahamia Brighton ya Uingereza. Clara Luvanga alikwenda Al Nassr ya Saudi Arabia. Twiga Stars, timu yetu ya taifa ya wanawake, ilicheza fainali za Afrika kule Morocco Julai 2025. Wasichana wa Ngarenaro hapa Arusha wanawataja hawa kama wanavyowataja dada zao.

Nina shaka moja ambayo kwenye semina huwa haisemwi. Fidia ya mafunzo, ambayo huko kwa wanaume huilipa klabu hata mchezaji akiondoka bure, kwa wanawake haipo kabisa kwenye kanuni hizo. Mshikamano nao unahitaji ada, na wasichana wengi huondoka mkataba ukiwa umeisha. Asilimia 5 ya sifuri ni sifuri. Kwa hiyo ninapomshawishi mwalimu wa mtaani asajili mtoto wa miaka 12, ninamshawishi kwa fedha ambazo huenda asizione maisha yake yote. Bado namshawishi, kwa sababu mtoto aliyesajiliwa mapema ni vigumu kumbadilishia umri, lakini ile hoja ya fedha siku hizi naitaja kwa sauti ya chini.

Uzazi nao ni hivyohivyo. Tangu Januari 2021 FIFA inataka mchezaji mwenye mkataba apate likizo ya wiki 14 zisizopungua, nane kati ya hizo baada ya kujifungua, kwa theluthi mbili ya mshahara. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa siku 84 zenye malipo. Mchezaji Sara Björk Gunnarsdóttir wa Iceland aliishtaki klabu yake, Lyon ya Ufaransa, kwa kutomlipa mshahara wake wote alipokuwa mjamzito, na FIFA ikaamuru alipwe zaidi ya euro 82,000. Alikuwa na mkataba wa maandishi. Mwenzangu mmoja alipata ujauzito tukiwa timu moja, klabu ikamwambia "pumzika, tutaongea," na hayo mazungumzo hayakuwahi kufanyika. Mkataba wake ulikuwa wa mdomo. Sisi wote tuliumia kwa ajili yake, na hakuna kati yetu aliyejua ni karatasi gani ingemsaidia.

Mfano wanaopenda kunitajia ni Lise Klaveness, mchezaji wa zamani wa Norway aliyechaguliwa rais wa shirikisho lao Machi 2022. Ni kweli, ila mama huyo alisoma sheria na akafanya kazi ya ujaji. Fatma Samoura wa Senegal, katibu mkuu wa FIFA kuanzia 2016 hadi 2023, alitokea Umoja wa Mataifa, hakutokea uwanjani. Mmoja kacheza, mwingine hakucheza, wote walikuwa wamesomea kazi za ofisi.

Kuna siku najiuliza kama asiyecheza hana nafuu kuliko sisi. Simu zinazonitesa si za wageni. "Dada, shikamoo. Tusogezee mechi hadi Jumapili, si unatujua?" Ninamjua, tumelala chumba kimoja kambini, na harusi yake nilikuwa kwenye kamati. Kanuni inasema ombi liandikwe na lifike kwa wakati. Nakataa, na wengine hawajanisalimia tangu hapo.

Klabu yenye mchezaji wa zamani inayotaka kumpa ukatibu imkalishe msimu mzima pembeni ya katibu aliyepo. Ajaze fomu kwa mkono wake, aende vikao vya kabla ya mechi, asome kanuni za ligi mpaka ukurasa wa rufaa. Na dirisha lijalo la usajili likifunguliwa, leteni vyeti halisi vya kuzaliwa. Picha ya simu iliyofifia, yenye kidole juu ya tarehe, sitaipokea.