Testi ya kemia ya first year engineering: mnayoambiwa na ukweli wenyewe

Nafundisha tutorial za kemia kwa wanaoanza engineering hapa Mbeya, na kuna testi fupi tunawapa wiki ya kwanza kabla lekcha hazijachanganya. Haiingii kwenye marks za koz, haimpi mtu sup (mtihani wa marudio), haimdisko mtu, yaani haimfukuzishi chuo. Lakini maneno yanayozunguka kwenye magrupu ya first year kuhusu hii testi ni mengi na karibu yote ya kupotoshana, madogo wanakuja wameshatishwa, wengine wamekesha wanakariri jedwali la elementi wakati swali la kukariri jedwali halimo hata moja. Kwa hiyo nayaandika hapa yale ninayoyasikia, na ukweli wake.

"Hiyo testi ni ya kuwachuja." Hapana jamani. Umeshapata nafasi umeshaipata, hakuna wa kukutoa kwa testi ya wiki ya kwanza. Kazi yake ni kutuonyesha umeingia na mawazo gani kichwani, maana hakuna anayekuja mtupu, kila mtu ana maelezo yake ya kwa nini maji yanachemka na kwa nini chuma kinaoza. Na yale majibu ya uongo kwenye maswali ya kuchagua hayajaokotwa tu, yametungwa kutokana na makosa ambayo wanafunzi huwa wanayafanya kweli. Mwaka 2002 kule Marekani Mulford na Robinson walichapisha jaribio la aina hiyo lenye maswali 22, la wanaoanza kemia chuoni, na mengi kati ya hayo hayahitaji hata kalkuleta. Ukichagua jibu la uongo kwenye testi ya namna hii umetuambia kitu cha maana kuliko ukiacha wazi.

"Nilipata A ya kemia advance, mimi hiyo napita tu." Hapa ndo nataka nikae kidogo, kwa sababu wanaoshangaa zaidi ni hawa hawa wenye A zao. Kukokotoa na kuelewa ni vitu viwili tofauti kabisa. Mwaka 1987 watafiti wawili wa Marekani, Nurrenbern na Pickering, walionyesha kwamba wanafunzi wengi wanaomaliza vizuri swali la kukokotoa gesi wanakwama ukiwapa swali lile lile kwa michoro ya molekyuli ndani ya boksi. Na mimi naliona kila mwaka. Mpe mtu haidrojeni na oksijeni zinatengeneza maji, mwambie abalansi, sekunde tano kamaliza, 2H₂ + O₂ → 2H₂O, safi. Sasa mwambie achore hizo molekyuli mbili za maji. Wapo wanaochora dude moja lina haidrojeni nne na oksijeni mbili zimeshikana zote, yaani ile 2 ya mbele na ile 2 ya chini kwake ni kitu kimoja. Ikwesheni anaibalansi kama hesabu ya darasa la saba, ila picha ya kinachotokea hana. Mwingine ukimpa boksi lenye oksijeni nyingi na haidrojeni chache anasahau kuchora oksijeni inayobaki, anaimaliza yote tu kwa nguvu.

Na kwenye hilo hilo la kubaki: wengi wanaamini kinachoisha kwanza ni kile chenye gramu chache. Siyo. Chukua gramu 10 za haidrojeni na gramu 32 za oksijeni. Kwa moli, yaani kwa kuhesabu molekyuli badala ya uzito, haidrojeni (gramu 2 kwa moli) ni moli 5, oksijeni (gramu 32 kwa moli) ni moli 1 tu, na moli 1 ya oksijeni inataka moli 2 za haidrojeni. Oksijeni ndo inaisha, pamoja na uzito wake wote, na moli 3 za haidrojeni zinabaki zinazurura. Uliza moli kwanza, kilo baadaye.

Swali linalokosewa sana ni la mapovu. Sufuria la maji linachemka, yale mapovu makubwa yanayopanda juu yana nini ndani? Utasikia hewa, utasikia joto, na wasomi wetu wanasema haidrojeni na oksijeni kwa sababu maji ni H₂O basi yakichemka yanaachana. Ukweli ni kwamba mle ndani mna mvuke wa maji, maji yale yale, molekyuli zimeachana zenyewe kwa zenyewe lakini kila moja bado ni nzima. Kuzivunja kabisa ni kazi nyingine, hata ukipasha mpaka nyuzi 2,000 ni sehemu ndogo tu inayovunjika, ndo maana tunatumia umeme. Vile vipovu vidogo vya mwanzoni vinavyoganda pembeni mwa sufuria ndo hewa iliyokuwa imeyeyuka kwenye maji, hivyo sawa.

Halafu "maji yanachemka nyuzi 100." Yanachemka nyuzi 100 Dar, kwenye usawa wa bahari. Sisi hapa Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu, presha ya hewa imeshuka mpaka kama kilopaskali 82 badala ya 101, na maji yanachemka kwenye nyuzi kama 94. Ndo maana maharage yanachukua muda mrefu huku kwetu na mama anaongeza kuni akidhani maji yatapata moto zaidi, kumbe yakishachemka joto linabaki pale pale, kuni za ziada zinakausha maji tu. Presha kuka inasaidia kwa sababu inapandisha presha, basi na nyuzi za kuchemkia zinapanda.

Ukishaelewa hilo utaelewa kwa nini ile 22.4 mliyokaririshwa inatusumbua. Lita 22.4 kwa moli moja ya gesi ni kwa nyuzi 0 na presha ya usawa wa bahari. Piga ile ikwesheni ya gesi, PV = nRT, kwa Mbeya, nyuzi 20, kilopaskali 82, unapata lita 29 na ushee. Tofauti siyo ndogo. Mtu wa mekanika ambaye atakuja kusimamia jenereta huku nyanda za juu inamhusu moja kwa moja, injini isiyo na tabo (turbo, ile ya kusukumia hewa ndani) inavuta ujazo ule ule wa hewa lakini ndani yake molekyuli ni chache, nguvu inapungua na ukilazimisha dizeli nyingi unapata moshi mweusi. Na wala msiseme huku juu asilimia ya oksijeni ni ndogo, asilimia ni ile ile 21, Iringa, Makete, Mbeya, Tanga, kilichopungua ni presha ya hewa yote kwa pamoja.

Tuje kwenye kutu. "Chuma kikiota kutu kinapungua uzito kwa sababu kinaliwa." Neno kuliwa ndo linaponza watu. Chuma hakijaenda popote, kimeongezewa oksijeni na maji. Ukigeuza kilo moja ya chuma yote iwe Fe₂O₃, yaani chuma na oksijeni ya kwenye kutu, unapata kama kilo 1.43, piga mwenyewe, 111.7 inakuwa 159.7. Inaonekana imepungua kwa sababu kutu inapukutika na kudondoka. Na kutu inachukua nafasi mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa, sasa fikiria nondo iko ndani ya zege, inavimba, zege linapasuka kutoka ndani, umeona zile nguzo zenye ufa unaofuata nondo kwa urefu? Ndo hiyo. Zege zima lina pH (kipimo cha asidi, ikiwa ndogo asidi ni kali) ya 12 mpaka 13, na hiyo ndo inailinda nondo, lakini kaboni dayoksaidi ya hewani inaingia taratibu miaka na miaka, pH inashuka chini ya 9, ulinzi umekwisha. Basi anayeniambia "mimi ni sivo, wa ujenzi, kemia ya nini" namwonyesha nguzo.

Sementi nayo. Hii naipenda kuliko zote kwa sababu karibu kila mtu anaikosa, na mafundi wengi nao wanaikosa, na nyumba zinapata nyufa kwa ajili yake. Swali linasema: zege linakuwa gumu kwa sababu (a) maji yanakauka, (b) sementi inafanya reaksheni na maji, na kadhalika. Wengi wanachagua (a). Ingekuwa hivyo zege lisingeshika chini ya maji, na linashika, nguzo za madaraja zinamwagwa mtoni. Sementi inayashika maji, inatengeneza vitu vipya ambavyo vinasokotana na kufunga mchanga na kokoto. Maji ni sehemu ya reaksheni, yakikauka mapema reaksheni inasimama njiani na zege linabaki dhaifu juu na nyufa zake. Kwa hiyo fundi anayesema "acha jua liwake vizuri slabu ikauke" anakuharibia, slabu inataka magunia yaliyolowa na kumwagiliwa angalau wiki nzima, na nguvu yake inapimwa siku ya 28, siyo siku ya tatu. Kiwanda cha sementi tunacho jirani tu pale Songwe, mawe ya chokaa yanachomwa pamoja na udongo mpaka nyuzi kama 1,450, na hapo kuna swali lingine zuri la testi: tani moja ya CaCO₃ safi (ndo hayo mawe ya chokaa) ikichomwa inabaki kilo 560 za CaO, zile 440 zimeenda wapi? Zimetoka kama kaboni dayoksaidi. Hapa uzito umepungua kweli kwa sababu gesi imeondoka, kwenye kutu umeongezeka kwa sababu gesi imeingia. Ukiweza kumweleza mwenzako hizo mbili kwa pamoja bila kuangalia daftari, uhifadhi wa masi umekuingia.

"Ukivunja bondi unapata nishati." Bondi ni kile kinachoshikanisha atomi. Hii imejikita kwelikweli, nadhani inatoka kwenye bailojia na zile habari za ATP, molekyuli inayobeba nishati mwilini. Kuvunja bondi yoyote kunagharimu nishati, unachopata kinatoka kwenye bondi mpya zinazofungwa. Angalia maji tena: kuvunja H–H mbili ni kilojuli 436 mara mbili, O=O moja ni 498, jumla 1,370 umelipa. Unafunga O–H nne za 463, unarudishiwa 1,852. Faida ni 482, ndo ule mlipuko. Dizeli nayo ni hivyo hivyo, mkaa hivyo hivyo.

Na kwa kuwa nimetaja mkaa naomba mnisikilize hapa, hii imo kwenye testi lakini ni zaidi ya testi. Huku kwetu mwezi wa sita na wa saba baridi ni kali, Makete, Njombe, Uporoto huko usiseme, na watu wanaingiza jiko ndani wanalala nalo. Wanaamini mkaa ukishakuwa mwekundu na moshi umeisha basi hauna madhara. SIYO KWELI. Moshi na sumu ni vitu viwili. Mkaa mwekundu kwenye chumba kilichofungwa unapata oksijeni kidogo, badala ya kaboni dayoksaidi tu unatoa na kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na damu inaishika kwa nguvu mara 200 na zaidi kuliko inavyoshika oksijeni. Mtu anasikia kichwa kizito na usingizi, analala, haamki. Jiko linatoka nje kabla ya kulala, hakuna mjadala, na mnaoishi geto mwambieni na jirani.

pH kwa haraka: kutoka 6 kwenda 4 siyo tofauti ya mbili, ni asidi mara 100. Na maji safi yana pH 7 kwenye nyuzi 25, yakifika nyuzi 100 ni kama 6.1 na bado hayajawa asidi, kwa sababu H⁺ na OH⁻ zake bado ziko sawa kwa sawa.

La mwisho ni kuhusu nyie wenyewe. "Waliotoka PGM na waliotoka diploma wataburuzwa." Wa PGM (fizikia, jiografia na hesabu) kemia waliiacha form four, ni kweli moli zimewatoka, lakini hawajakariri njia za mkato kwa hiyo ukiwachorea boksi la molekyuli wanafikiri upya, na hilo tunalitaka. Wa diploma ameshika koleo la zege, ameshakata bati na kuona zinki inavyolinda hata pale penye mkwaruzo, ukimwambia zinki inaoza kwanza ili chuma kipone anakuelewa kabla hujamaliza sentensi. Shida yake ni moli na namba, na hizo zinafundishika. Kaeni pamoja kwenye discussion, PCM (wale wa fizikia, kemia na hesabu), PGM na diploma, msijigawe.

Testi tunairudia mwisho wa semista na maswali ni yale yale, ndo maana karatasi haturudishi. Mtu akiyatupia majibu kwenye grupu msiyafungue, tukiona darasa zima limepata swali la mapovu siku ya kwanza tutaliruka kwenye tutorial tukidhani mnalijua.