Kuhesabu wanga: maana yake kwa mwenye kisukari cha aina ya kwanza

Mtoto akigundulika na kisukari cha aina ya kwanza, jambo la kwanza linalofanyika katika nyumba nyingi ni kuficha kopo la sukari. Chai inanywewa bila sukari, soda inapigwa marufuku, pipi wanapewa watoto wa jirani. Kisha asubuhi mtoto anatengewa chapati mbili, kwa kuwa chapati si kitu kitamu. Zikipita saa mbili mashine ya kupimia sukari ya damu inasoma 17 (mmol/L), juu mno, na mama anabaki akijiuliza amekosea wapi.

Tufanye hesabu ndogo. Vijiko viwili vya chai vya sukari, visivyojaa kilele, ni gramu 8 hivi. Kilo moja ya unga wa ngano ina wanga wa karibu gramu 750. Ikitoa chapati 15, kila chapati inabeba gramu 50. Mbili ni 100. Kwa hiyo mama ameondoa 8 na kuacha 100. Utumbo hauulizi kama chakula kilikuwa kitamu mdomoni. Wanga wa chapati unavunjwavunjwa humo mpaka unakuwa glukosi, na glukosi hiyo ikiingia kwenye damu ndiyo inayosomwa na mashine. Jina la ugonjwa ndilo linalotupoteza: tunasikia kisukari, tunaogopa sukari peke yake.

Kuhesabu wanga ni kujua, kabla ya kula, mlo ulio mbele yako una gramu ngapi za wanga, ili insulini unayochoma, ile inayoshusha sukari ya damu, ilingane nazo. Si orodha ya vyakula vya haramu, wala si mbinu ya kupunguza mwili.

Neno wanga lenyewe linahitaji kufafanuliwa. Kwa bibi zetu, wanga ni ule unga mweupe unaotuama chini ya maji ya muhogo uliokunwa. Kliniki wanapolitumia wanamaanisha zaidi ya hapo: wanga wa nafaka na mizizi, sukari ya kopo, sukari ya matunda, na hata sukari iliyomo kwenye maziwa. Wengine huita kabohaidreti. Ndiyo maana utamkuta mtu amepima ugali wake vizuri kabisa halafu akasahau embe na maziwa. Kikombe cha maziwa cha mililita 250 kina gramu 12 hivi. Ndizi mbivu ya wastani, 25. Gramu 100 za embe lililomenywa, 15. Asali, ambayo wengi huisifu kuwa haina neno, ina gramu 17 kwa kijiko kimoja cha chakula, na mwili unaipokea kama sukari nyingine yoyote. Nyama, samaki, dagaa na mayai ni karibu na sifuri. Mchicha na kabichi vina kidogo sana, na wengi hawavihesabu.

Mtu asiye na kisukari anafanyiwa hesabu hii na kongosho lake, usiku na mchana, bila yeye kujua. Katika kisukari cha aina ya kwanza, kinga ya mwili inaziua chembe za kongosho zinazotengeneza insulini. Hakuna pipi iliyosababisha hilo, na mzazi anayejilaumu kwa keki ya sikukuu anabeba mzigo usio wake. Kilichobaki ni kwamba kazi ya kongosho sasa inafanywa kwa kichwa, daftari na sindano.

Woga wa chakula katika ugonjwa huu ni wa zamani kuliko dawa yake. Kabla ya insulini, madaktari wa Marekani waliwaweka watoto kwenye mlo mdogo mno, wakawa mifupa mitupu, kwa sababu hiyo ndiyo njia pekee iliyowaongezea miezi ya kuishi. Mwaka 1921 Frederick Banting na Charles Best, wakiwa Chuo Kikuu cha Toronto, walipata dondoo la kongosho lililoshusha sukari ya mbwa, na Januari 1922 Leonard Thompson, kijana wa miaka 14, akawa binadamu wa kwanza kutibiwa kwa insulini. Tangu siku hiyo swali lilibadilika. Zamani waliuliza mgonjwa anyimwe nini. Sasa tunauliza insulini kiasi gani kwa chakula gani. Mwaka 1993 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada uliowafuatilia watu 1,441 wenye aina ya kwanza: waliodhibiti sukari yao kwa karibu, wakirekebisha insulini kulingana na vipimo, mlo na kazi za mwili, walipunguza hatari ya kuanza kuharibika macho kwa asilimia 76. Huko Uingereza, mafunzo ya siku tano yaliyoigwa kutoka Ujerumani, na kuripotiwa mwaka 2002, yaliwafundisha watu wazima kulinganisha insulini na mlo. Sukari yao ikatengemaa, na wenyewe wakasema maisha yamekuwa mepesi kwa kuwa wamerudishiwa uhuru wa kula.

Uhuru huo unapitia kwenye uwiano. Daktari anakupa namba, tuseme uniti 1 ya insulini ya haraka kwa kila gramu 12 za wanga. Mlo wa gramu 60 unahitaji uniti 5. Namba hiyo si ya watu wote. Wengi huanzia kwa kugawa 500 kwa jumla ya uniti za siku nzima: anayetumia uniti 40 kwa siku anapata 12 na nusu. Baada ya hapo inarekebishwa kwa kuangalia vipimo, na mara nyingi asubuhi mwili unahitaji insulini zaidi kuliko jioni kwa chakula kilekile. Usijipangie mwenyewe kwa kusoma tu; nenda nayo kliniki.

Ugumu wa kwetu uko jikoni. Mwenzetu wa Ulaya anasoma gramu za wanga nyuma ya pakiti ya mkate. Ugali hauna pakiti. Sahani ya ugali ya nyumba moja ni mara mbili ya sahani ya nyumba ya pili, na aliyezoea ugali mgumu na aliyezoea ugali laini hawali wanga sawa hata vipande vikilingana kwa macho, kwa kuwa maji hayana wanga. Kwa hiyo hesabu ya ugali inaanzia kwenye unga.

Unga wa sembe una karibu gramu 75 za wanga katika kila gramu 100. Tuseme umesonga gramu 400 za unga: sufuria nzima ina gramu 300 za wanga, hata uweke maji kiasi gani. Ukiiva, pima ugali wote. Ukipata gramu 1,200, basi kila gramu 100 za ugali wako zina gramu 25 za wanga, na kipande cha gramu 240 kina 60. Mizani ndogo ya jikoni inatosha, na kama huna, azima siku moja au nenda na bakuli lako dukani wakupimie. Ukishajua bakuli fulani likijazwa ugali wa nyumbani kwako lina uzito gani, bakuli hilo ndilo mizani yako kuanzia siku hiyo. Lisitumiwe kwa kazi nyingine, na anayesonga asibadilishe vipimo vya unga na maji. Wali ni rahisi zaidi: gramu 100 za wali mweupe ulioiva zina wanga wa gramu 28, kwa hiyo kikombe cha gramu 160 ni kama 45. Viazi mviringo vilivyochemshwa vina 20 kwa kila 100. Muhogo uliochemshwa unakaribia 40, na hapo ndipo wengi hushangaa, maana vyote tunaviita mizizi na kuvila kwa kiasi kilekile.

Na dona je? Na mtama, na ulezi? Niseme wazi, kwa sababu unga wa namna hiyo unauzwa kwa bei kubwa kwa jina la unga wa wagonjwa wa kisukari: wanga wake haupungui sana kuliko wa sembe. Tofauti iko kwenye nyuzinyuzi na virutubisho, na kwenye mwendo, kwani sukari hupanda taratibu kidogo. Ni chakula kizuri na ningependa kila nyumba ikile. Lakini anayekula dona bila kipimo kwa kuamini kwamba haihesabiwi, jioni ataliona kosa lake kwenye mashine.

Mpaka hapa nimezungumzia mtu mwenye insulini ya haraka, anayeweza kuongeza au kupunguza kila mlo. Wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki hawana hiyo. Wanatumia insulini ya mchanganyiko, ile yenye rangi ya maziwa inayoviringishwa viganjani kabla ya kuvutwa kwenye bomba: asilimia 30 ya kufanya kazi mapema, asilimia 70 ya kwenda polepole, ikichomwa asubuhi na jioni nusu saa kabla ya kula. Hapa kuhesabu wanga kunageuka. Ile sehemu ya polepole ikishaingia mwilini huwezi kuiomba isubiri. Ikichomwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nguvu zake zinaweza kuwa kileleni wakati wowote kati ya saa nne na nusu na jioni, mtoto awe amekula au bado yuko kwenye foleni ya chakula shuleni.

Kwa mtu huyu chakula ndicho kinachoifuata insulini. Kuhesabu kwake ni kula kiasi kilekile cha wanga, saa zilezile, siku baada ya siku. Mtoto wa shule anaweza kupangiwa, kwa mfano, gramu 45 asubuhi, 15 saa nne, 60 saa saba mchana, 15 saa kumi, 60 usiku na 15 kabla ya kulala. Ugali leo, wali kesho, ndizi keshokutwa, ruksa, gramu zisibadilike. Mwalimu asiyejua hili huchukua ile ndizi ndogo ya saa nne akidhani mtoto anakula darasani kwa utovu wa adabu. Mzazi, nenda shuleni ukamweleze mwenyewe, na umwachie karatasi. Na bibi anayesema, "Mjukuu wangu, umekula kidogo, ongeza ushibe," anahitaji kuelezwa kwa heshima na mapema, kabla sahani haijafika mezani.

Sukari ikishuka chini ya 3.9, hesabu za mlo zinawekwa kando. Mtoto anatetemeka, anatoka jasho, anakuwa mkali au anazubaa. Mpe gramu 15 za sukari ya haraka: vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu ya chupa ya soda ya kawaida ya mililita 300. Subiri dakika 15, pima tena, rudia kama bado iko chini, kisha ale kitu cha wanga ikiwa mlo uko mbali. Andazi au chokoleti havifai kwa dharura hii, mafuta yake yanachelewesha. Aliyepoteza fahamu asitiwe kitu chochote mdomoni. Alazwe kwa ubavu na akimbizwe hospitali. Kwa hiyo lile kopo la sukari lirudishwe mezani.

Mafuta yanayochelewesha sukari ya dharura ndiyo yanayovuruga pia hesabu ya chipsi mayai. Gramu za viazi unaweza kuzijua sawasawa, lakini mafuta na mayai yanauchelewesha wanga tumboni. Unapima baada ya saa mbili unakuta 7, unafurahi, kisha usiku wa manane inapanda. Uji mwepesi unafanya kinyume, unapandisha upesi. Mpira wa jioni, jembe au ndoo za maji hushusha sukari, na zinaweza kuendelea kuishusha hata mtu akiwa amelala.

Kuna wanaohubiri kwamba ukiacha wanga kabisa utapona na kutupa sindano. Kwa aina ya kwanza hilo linaua. Hata mtu asipokula kitu, mwili unahitaji insulini. Ikikosekana unaanza kuchoma mafuta ovyo, damu inajaa asidi ya ketoni, na mgonjwa anatapika, anahema kwa nguvu na kupoteza fahamu. Hakuna mlo unaojaza pengo la insulini. Mtu mzima anayetaka kupunguza wanga afanye hivyo pamoja na daktari wake, kwa kuwa dozi nayo lazima ishuke. Mtoto anayekua anauhitaji.

Vijiti vya kupimia ni ghali, na wengi hawana vya kupima mara nane kwa siku. Basi vitumie kwa mpango. Wiki hii chagua mlo mmoja, tuseme ugali wa usiku kwa bakuli lako. Pima kabla ya kula na tena baada ya saa mbili, siku tatu, ukiandika gramu, uniti na namba mbili za mashine. Zikitofautiana sana siku zote tatu kwa upande mmoja, uwiano au dozi inahitaji kuangaliwa. Peleka daftari kliniki. Zikirukaruka, mara juu mara chini, rudi kwenye bakuli kwanza uone kama linajazwa sawa. Wiki ijayo fanya hivyo kwa wali.