“Iko kwenye damu yao”: dhana potofu kuhusu sonona

Mama mdogo alipougua sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, hakusema ana huzuni. Alisema kichwa kinawaka moto, moyo unamwenda mbio, usingizi haupati. Akapimwa malaria, akapimwa presha, akarudi na panado. Mashemeji walikuwa wameshatoa hukumu yao: “Hata mama yao alikuwa hivyo hivyo. Iko kwenye damu yao.”

Dhana: Ni ya kurithi, basi hakuna la kufanya.

Kurithi kupo. Mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyeugua sonona, uwezekano wa yeye kuugua huongezeka mara mbili hadi tatu. Lakini tafiti za mapacha zinakadiria kwamba katika tofauti za kuugua zilizopo kati ya watu, jeni zinachangia kama asilimia 37 tu. Sehemu kubwa inayobaki ni maisha yenyewe: msiba, kipigo, madeni, upweke. Mama mdogo alifiwa na mumewe, kisha akanyang’anywa shamba. Hilo mashemeji hawakulitaja.

Dhana: Kuna jeni moja ya sonona.

Hii ilitoka kwa wanasayansi wenyewe. Mwaka 2003, utafiti uliofanyika Dunedin, New Zealand, ulidai kwamba watu wenye umbo fupi la jeni moja inayohusika na serotonini, kemikali ya ubongo inayohusishwa na hisia, huugua zaidi wakipatwa na shida. Baadaye, mwaka 2010, watafiti wengine waligundua kwamba umbo hilo limeenea zaidi Asia Mashariki kuliko Ulaya, ilhali sonona huripotiwa kidogo zaidi huko. Wakapendekeza kwamba utamaduni wa kuishi kwa kushikamana unawakinga watu hao.

Wazo zuri, nami lilinivutia sana. Ila msingi wake umetikisika. Mwaka 2019 uchambuzi wa data za mamia ya maelfu ya watu haukuona ushahidi kwamba jeni hiyo ina uzito wowote wa pekee. Mwaka huo huo utafiti mwingine, wa watu zaidi ya 800,000, ulipata sehemu 102 za vinasaba zinazohusiana na sonona, kila moja ikichangia kidogo mno. Tena wengi wa waliopimwa walikuwa wenye asili ya Ulaya. Atakayekuuzia kipimo cha “jeni ya huzuni” usimpe hela yako.

Dhana: Ni ugonjwa wa Wazungu.

Washona wa Zimbabwe wana neno *kufungisisa*, kuwaza kupita kiasi. Sisi tunasema “ana mawazo”. Ugonjwa tunao, ila utamaduni hutufundisha namna ya kuulalamikia, na kwetu mara nyingi mwili ndio unaosemeshwa. Daktari anayesubiri asikie neno “huzuni” atampita mgonjwa aliyekaa mbele yake akishika kichwa.

Dhana: Mwenye ndugu wengi haugui.

Ndugu hao hao wanaokuchangia matanga ndio wanaokwambia “jikaze, wenzako wana shida kubwa zaidi”. Utamaduni unaweza kukubeba, na unaweza kukuziba mdomo.

Unavyobeba ukitumiwa vizuri, tazama Harare. Tangu 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda amewafundisha wanawake wazee kukaa kwenye benchi nje ya kliniki, kusikiliza wenye kufungisisa na kutatua nao tatizo moja moja. Jaribio la watu 573 lilichapishwa mwaka 2016. Baada ya miezi sita, waliobaki na dalili za sonona walikuwa karibu asilimia 14 kwa waliokaa na bibi hao, dhidi ya karibu 50 kwa waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa kidogo. Jeni zao zilikuwa zile zile.

Mama mdogo alipata nafuu tulipompeleka tena, safari hii dada yake akaingia naye kwa daktari. Dada huyo alieleza yote mawili: kwamba marehemu bibi naye aliwahi kujifungia ndani miezi mizima, na kwamba shamba limechukuliwa. Daktari akaweka kalamu chini, akauliza, “Tangu lini halali?”