Safari ya wawili bila haraka: Lushoto mpaka Pangani

Kazi yangu ni kupangia watu safari za ndani, na wengi wanaonitafuta ni wawili wawili, wachumba, waliooana juzi, wengine wana wajukuu kabisa. Ombi linafanana karibu kwa wote: wiki moja, Ngorongoro, Serengeti, wamalizie Zanzibar. Nawapangia, hela ni yao. Ila ukiniuliza mimi mwenyewe ningempeleka wapi mwenzangu, nakwambia mkoa wa Tanga, nusu ya muda milimani Lushoto na nusu baharini Pangani, basi, hakuna kituo cha tatu.

Ratiba ikijaa mnaongea ratiba tu. Saa ngapi tunatoka, dereva kafika, chaja umeweka wapi. Halafu hata mkitulia, mwanzoni mnaongea mambo mliyotoka nayo nyumbani, ada za watoto, fundi aliyekula hela, shemeji anayetaka kuja kukaa, na hayo yana wingi wake, lazima yaishe kwanza ndo maongezi mengine yaanze. Mimi natengaga siku mbili nzima kwa ajili hiyo, siandiki kitu chochote kwenye ratiba, na wateja wanalalamika eti mbona hujaweka kitu hapa!

Pandeni basi la Dar mpaka Lushoto moja kwa moja, au la Arusha mshuke Mombo muunganishe. Kutoka Mombo kupanda ni kama kilomita 33, barabara nyembamba, kona juu ya kona, mnapita Soni penye maporomoko, na kadiri mnavyopanda hewa inabadilika mpaka mtu anafungua begi kutafuta sweta. Wajerumani walipaita Lushoto Wilhelmstal, wakapapendea hiyo hiyo baridi. Juni mpaka Agosti si mchezo, kwa hiyo mkifika gesti msiulize chumba self tu, ulizeni na maji ya moto, kama bombani hakuna basi waahidi ndoo asubuhi. Mtaandikishwa kwenye kile kitabu cha wageni, kabila, mtokako, muendako. Watu wanakichukia, mimi nakipenda, maana wa mapokezi akisoma kabila tu utani unaanza hapo hapo na mshapata mwenyeji.

Asubuhi tembeeni kwa miguu mpaka Irente, ukingoni mwa milima, msichukue boda. Njia inapita kwenye mashamba na kila mnayekutana naye mnasalimiana, mkijua kusema "onga maundo", salamu ya asubuhi ya Kisambaa, mtachekewa na kusahihishwa matamshi. Pale ukingoni ardhi inakatika ghafla na chini kabisa mnaona nyika imelala mpaka macho yanachoka, na kuna shamba la kanisa la Kilutheri wanatengeneza jibini na mkate wao. Kaeni hata masaa matatu. Halafu kesho yake rudini kwa yule yule mama chapati wa jana, hapa ndo penye utamu wenyewe, maana siku ya kwanza nyie ni wageni, siku ya pili anawauliza mbona mmechelewa, siku ya tatu anamwambia mwenzio siri za ndoa ambazo wewe huruhusiwi kusikia. Siku za gulio ni Alhamisi na Jumapili, msizikose.

Kama mmoja hapendi kutembea, abaki. Kweli kabisa. Kusafiri wawili si lazima mfuatane kama kumbikumbi, mmoja aende msitu wa Magamba, mwingine alale mpaka saa nne, jioni kila mtu ana la kusimulia.

Mkishuka mnapita Tanga mjini, ule mji wa baiskeli, wenyewe wanasema waja leo waondoka leo, nyie laleni. Kisha Pangani, kama kilomita 50 kusini. Mto mnaoukuta pale unabeba maji ya Kilimanjaro na Meru, na ya Usambara, milima ile ile ya Lushoto mliyotoka, yanaingia humo humo, kwa hiyo maji yameshuka safari moja na nyie. Mji wenyewe mdogo, majumba ya zamani mengi yamechoka, ni hapa Abushiri, aliyeongoza watu wa pwani kuwapinga Wajerumani, alinyongwa nao Desemba 1889. Jioni vukeni na kivuko kwenda Bweni, ng'ambo ya mto, bila sababu yoyote, halafu mrudi.

Baharini saa yenu haina kazi. Mkitaka kwenda Maziwe, kile kisiwa cha mchanga kinachotokeza maji yakipwa, anayepanga ni bahari, kila siku saa ya maji kupwa inachelewa kama dakika 50, na wakati wa bamvua, maji yakijaa na kupwa sana, mchanga unakuwa mpana kuliko siku za maji mafu, yanapopwa kidogo tu. Muulizeni nahodha, akisema leo hapana ni hapana, msimuongezee hela abadilishe mawazo.

Jingine ni dogo: Pangani ni mji wa watu wa dini, kanga na kanzu, mambo ya kukumbatiana na kupigana busu barazani yaacheni chumbani. Ramadhani mchana migahawa mingi imefungwa, ila futari mtakayoalikwa inafidia yote.

Masika, kuanzia Machi mpaka Mei, njia za milimani zinateleza vibaya na bahari inachafuka. Mimi ningengoja Septemba.