Hakikisha barua pepe yako ni yako: ufafanuzi kwa waombaji wa ajira na huduma Tanga

Kila maombi ya ajira yanapofunguliwa, malalamiko yanayotufikia kitengo cha TEHAMA hapa Tanga hufanana: mwombaji hakuona wito wa usaili kwa sababu hawezi kuingia kwenye barua pepe yake. Mara nyingi mfumo hauna kosa. Akaunti ilifunguliwa na mhudumu wa steshenari, Ngamiani au Chumbageni, kwa namba ya simu ya mhudumu huyo, na nywila imebaki kwenye daftari la duka.

Anwani, mfano jinalako@gmail.com, mpe yeyote. Haianzi na www, na haina nafasi katikati. Tumelisema hili mara nyingi. Nywila usimpe mtu, hata ofisa wetu. Lakini chenye nguvu zaidi ni namba ya urejeshaji, yaani namba ya simu ya kurudishia akaunti: anayepokea msimbo kwenye namba hiyo anaweza kubadili nywila na kukufungia nje. Iwe ya laini iliyosajiliwa kwa alama za vidole vyako. Ukibadili laini, badili na namba kwenye akaunti mapema, kwani namba iliyoachwa huweza kugawiwa mtu mwingine.

Kama ulifunguliwa na mtu, tumia simu yako mwenyewe. Fungua Gmail, gusa picha au herufi iliyo juu kulia, ingia kwenye Akaunti ya Google, kisha sehemu ya usalama. Badili nywila, weka namba yako, futa ya zamani, halafu fungua orodha ya vifaa na uondoe kila usichokitambua. Usiishie kwenye nywila: namba ya mhudumu ikibaki, msimbo mmoja unamrudishia akaunti. Na kupotea kwa simu si kupotea kwa barua pepe. Barua zipo kwenye seva, yaani kompyuta za Google, utazikuta kwenye kifaa chochote utakachoingilia.

Wito usipoonekana kwenye kikasha, tazama barua taka kabla ya kuja kulalamika. Gmail hufuta zilizomo humo baada ya siku 30, na zilizo kwenye tupio vivyo hivyo.

Viambatisho navyo vinakwamisha wengi. Kikomo cha Gmail ni MB 25 kwa barua nzima, ila kiambatisho kikisafirishwa huvimba kwa karibu theluthi moja, na seva ya mpokeaji inaweza kuwa na kikomo kidogo zaidi. Picha sita za vyeti zilizopigwa kwa simu zinaweza kuvuka hapo. Skani vyeti viwe faili moja la PDF. Mada usiiache wazi: andika nafasi unayoomba na jina lako. Ukiandikia watu wengi wasiofahamiana, weka anwani zao kwenye BCC, yaani nakala ya siri. Ukiziweka kwenye CC kila mmoja ataona za wenzake.

Jina linalotokea juu ya barua mtu yeyote anaweza kujiandikia, hata jina la bandari. Liguse uone anwani kamili. Taasisi za Serikali hutumia anwani zinazoishia .go.tz, na hakuna ada ya usaili. Tunashangaa kwamba bado watu wanalipa.

Wahudumu nao wasome hili. Chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 4, kuingia kwenye mfumo wa kompyuta kwa makusudi bila idhini kuna faini isiyopungua shilingi milioni 3 au mara tatu ya faida iliyopatikana, kwa kuangalia kilicho kikubwa, au kifungo kisichopungua mwaka 1, au vyote kwa pamoja. Kujifanya mtu mwingine, kifungu cha 15, kuna faini isiyopungua shilingi milioni 5 au mara tatu ya faida, kwa kuangalia kilicho kikubwa, au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote kwa pamoja. Kumfungulia mteja akaunti kwa ombi lake si kosa. Kuifungua tena akiwa ameondoka ndiko kunakokufikisha mahakamani.

Ukitapeliwa, usiifute barua. Piga picha ya skrini inayoonyesha anwani kamili, tarehe na saa, tunza risiti ya muamala, nenda kituo cha polisi ufungue taarifa na uombe namba ya RB. SMS za kitapeli hutumwa kwenye namba 15040, kisha unatuma namba iliyozituma. Barua pepe haitumwi huko.