Kava si kopi: mambo tunadanganyana kuhusu kurudia nyimbo za zamani

Ijumaa usiku hapa Nakuru ukiingia mahali kuna bendi ya laivu lazima utasikia country, Kenny Rogers, Don Williams, Dolly Parton, na lazima kuna mtu meza ya nyuma atasema kuhusu anayeimba "huyo dada anajaribu lakini si kama orijino". Hiyo maneno huniuma sana, juu mara nyingi dada amefanya kazi safi.

Ati kava nzuri, yaani wimbo wa mtu mwingine ukiurudia, ni ile inafanana na orijino. Zii. Otis Redding, mwimbaji wa soul wa Marekani, alirekodi "Respect" 1965, mwanaume anataka heshima akifika kwake nyumbani. 1967 Aretha Franklin akaichukua, sasa mwanamke ndio anadai, akaongeza pale anatamka neno herufi kwa herufi, kitu kwa Otis hakuna kabisa. Mwenye kuongea amebadilika na wimbo mzima ukageuka. Mimi hiyo ndio huwa naangalia kwanza, huyu anayeimba ana sababu gani yake mwenyewe ya kusema haya maneno?

Ati ukiwa na sauti kubwa umemaliza. Hapa ndio tunapotea zaidi. Dolly aliandika "I Will Always Love You" 1973 akimuaga Porter Wagoner, mtu alikuwa amefanya naye kazi miaka kwa show yake ya TV, na anaiimba chini chini kama anaongea na mtu mmoja tu. Whitney Houston alipoirudia 1992 watu wanakumbuka ile noti ya juu, wanasahau anaanza bila chombo hata kimoja, sauti peke yake, sekunde karibu 45! Bila ule utulivu wa mwanzo ile noti haiwezi kukuingia. Kwa karaoke unapata mtu anapiga nduru kutoka mstari wa kwanza, akifika mwisho hana mahali pa kupanda. Halafu kuna Johnny Cash, mwimbaji wa country, na kava yake ya "Hurt" 2002, mzee wa karibu miaka 70, mgonjwa, sauti imechoka, na ndio maana inauma hivyo, yaani mwenye wimbo, Trent Reznor, aliitoa 1994 na bendi yake ya rock Nine Inch Nails akiwa hajafika 30, sasa mistari ile ile ikawa ya mtu anayeangalia maisha yake yote nyuma.

Ati ni sisi tu hukopi wazungu. Daudi Kabaka, mfalme wa twist, asili yake Magharibi mwa Kenya, ndio mwenye "Helule Helule" na bendi ya The Tremeloes wa Uingereza wakairudia 1968 ikawa hit huko kwao. Hii ingefaa kila mtoto wa Kakamega na Vihiga aijue.

Ati ukiandika jina la mwenye wimbo pale chini ya video uko sawa kisheria. Hapana, kutaja jina si ruhusa. Ukitaka kurekodi na kuuza, tafuta leseni kwanza.

Ati kubadilisha ni kuweka biti mpya ya haraka. Kuna jamaa nilimsikia Kisumu, upande wa Kondele, gitaa moja tu, akapiga "Malaika" polepole kuliko nimewahi kuisikia. Akifika pale mwanaume anakubali hana mali ya kuoa anaacha kuimba, gitaa inaendelea peke yake kidogo, ndio anamalizia mstari. Watu waliweka glasi chini.