Kijiko cha stenlesi nacho hushika kutu

Wengi huamini kijiko cha stenlesi hakishiki kutu kamwe. Kikitoa vidoa vya kahawia, basi muuzaji katuuzia feki. Mara nyingi si feki hata kidogo.

Stenlesi ni chuma kilichochanganywa na kromiamu, angalau asilimia 10.5. Kromiamu ikikutana na oksijeni hujenga utando mwembamba usioonekana kwa macho, na huo ndio unaozuia kutu. Ukikwaruzwa hujirudi wenyewe, mradi chuma ni kisafi na kinapata hewa. Adui yake mkubwa ni chumvi. Kijiko kikilala usiku kucha kwenye bakuli la mchuzi, au kikilowekwa kwenye maji ya jiki, utando hutoboka na vishimo vidogo kama ncha ya sindano huanza.

Tazama kisu cha mezani: huwahi kupata vidoa kuliko uma wa seti ileile. Uma ulioandikwa 18/10 mgongoni una kromiamu 18% na nikeli 10%. Kisu, ili kiwe kigumu na kishike makali, mara nyingi hutengenezwa kwa chuma chenye kromiamu ya takriban 13% tu, bila nikeli.

Na ule waya wa chuma wa kusugulia sufuria, tafadhali, usiguse vijiko. Huacha chembe za chuma cha kawaida, na hizo ndizo unazozikuta zimeota kutu asubuhi. Osha mapema kwa sabuni na sponji laini, suuza, futa kwa kitambaa kikavu. Vidoa vyeupe vya maji ya kisima huondoka kwa siki kidogo, kisha suuza papo hapo.